Jani Moja la Isale

Desemba hii nimerudi Kilema, kama Wachagga tunavyorudi kila mwaka, na hata chai sijaimaliza, hodi mlangoni. Vijana wa mjini, na kamera zao. "Shikamoo mama. Tumekuja kuona kaburi la Bwana Mimea." Huyo ni babu yangu. Alisifika mpaka nje ya nchi kwa kuijua mimea ya Kilimanjaro. Wataalamu hawakuingia msituni bila yeye. Kuhusu bibi hawakuuliza hata neno. Haya, kaa nikusimulie wewe.

Bibi ndiye aliyenilea. Babu alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Akirudi, nyumba inajaa majani yaliyobanwa kwenye magazeti, mpaka meza ya kulia haina nafasi. Bibi alikata majani ya ng'ombe, akaanika kahawa, akapika mtori wa ndizi ambao mpaka leo nikisikia harufu yake nageuka, nadhani ananiita. Jioni alipita nyuma ya nyumba kupalilia masale matano, ile mimea yetu ya majani marefu, aliyoyapanda mwenyewe juu ya kaburi. Hapo alilala mtoto wake wa kwanza. Siku ya kumzika, babu alikuwa mlimani na wageni.

Sasa sikia. Jumapili moja, bibi na mimi tukiwa kanisani, babu alitafuta mahali pa kuotesha miche yake ya msituni. Akapenda kivuli cha nyuma ya nyumba. Akang'oa masale yote matano, akayatupa mtoni.

Tuliporudi, bibi alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Alisimama pale na gauni lake la kanisani, akasema, "Baba, majani ya mlima mzima unayajua. La mtoto wako hulijui." Akafunga nguo zake kwenye kanga, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu hadi kwao, Kirua. Alisema harudi tena. Nililia njia nzima, maana bibi yangu hakuwa mtu wa kubadili neno.

Kwetu, aliyekosa huleta jani la isale, na akishalileta humkatalii. Babu alilijua hilo vizuri. Ila isale angelitoa wapi? Ikabidi aende kwa jirani, mama mwenye mdomo kama redio, aeleze kosa lake lote. "Mzee," jirani akamwambia, "na ujuzi wote huo, umekuja kuomba isale kwangu?" Habari zilifika Kirua kabla yake.

Alifika siku ya tatu, amevaa koti lake la kupokelea wageni, jani mkononi. "Nimekosa, mama. Siku ya kumzika mtoto sikuwepo, na sasa nimekosa tena."

Bibi akalipokea. "Jani nimelichukua. Mashina yako wapi?"

Jamani! Mzee wa watu akageuza siku hiyo hiyo kwenda kutafuta mashina matano. Aliyapanda palepale kaburini kwa mikono yake, ndipo tukarudi nyumbani.

Siku hizi msamaha unaombwa kwa simu, na kwenye mipaka ya mashamba, palipokuwa na masale, majirani wamejenga ukuta wa tofali. Inaniuma, sitaficha. Nawakosa wazee wangu wote wawili. Ile miche ya msituni ilikauka yote mwaka ule ule.

Vijana walipomaliza kupiga picha kaburi, mmoja akauliza kama kuna mmea wowote alioupanda babu mwenyewe ambao bado uko hai. Nikawapeleka nyuma ya nyumba.