Dakika Hamsini Hadi Kisumu

Kabla sijapanda ndege hata mara moja, nilikuwa mtaalamu wa ndege. Pale Kambi Muru, Kibera, ninapoishi, mtu akitaka kujua Nairobi na Mombasa ni kilomita ngapi kwa njia ya angani, au ndege ya Entebe huchukua muda gani, aliniuliza mimi. Nilikuwa na simu, bando, na sauti nzito ya kutosha.

Ndiyo maana shangazi yangu, msusi wa Kawangware, alipotumiwa tiketi mbili na bintiye aliyeko Kisumu ili ahudhurie ubatizo wa mjukuu, alinichagua mimi nimsindikize. Mgongo wake haukuweza tena kuvumilia basi.

"Ni mbali?" aliuliza.

"Anti, haifiki kilomita mia tatu. Dakika hamsini tu. Hata chai haitapoa."

Niliwapigia binamu zangu nikawaambia ndege inaondoka saa sita, saa saba kasoro wawe uwanjani. Wakaalika kina mama wa kanisa watupokee kwa nyimbo.

Jumamosi hiyo nilitoka Kibera saa nne, nimevaa suti. Nikamkuta shangazi ameketi mlangoni na begi lake tangu asubuhi.

"Kwani hatuchelewi?"

"Tulia, Anti. Hii si basi." Nikaomba chai.

Hesabu zangu zote zilikuwa za kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine. Kutoka Kawangware hadi huo uwanja wa kwanza sikuwa nimepima, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tulifika kaunta ya uwanja wa ndege zimebaki dakika kumi na tano saa sita itimie, jasho likitutiririka. Msichana aliyekuwa pale akatutazama kwa huruma.

"Tumeshafunga. Abiria wameingia."

"Lakini ndege si ile pale?" nikasema, nikiionyesha kwa kidole kupitia kioo.

"Ndiyo. Ni ile pale."

Nikamweleza kwamba safari yenyewe ni fupi sana. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akatuhamishia kwenye ndege ya jioni.

Nilipiga simu Kisumu, hakuna aliyeshika. Walikuwa wanaimba. Kina mama wa kanisa, ambao hawakumjua shangazi kwa sura, walimvamia kwa vigelegele mama wa kwanza mwenye umri wake aliyetokea mlangoni, wakamkumbatia na kumbebea mizigo, hadi binamu yangu alipowakimbilia kuwaambia si yeye.

Nilingoja shangazi anigombeze. Yeye alivua viatu, akanyoosha miguu, akatazama ndege zikiruka.

"Unajua," alisema, "ni miaka mingi sijakaa mchana mzima bila kichwa cha mtu mkononi."

Jioni ndege yetu ilipoinuka nilifumba macho nikamshika mkono. Nilipoyafumbua tulikuwa tunashuka.

"Anti, kuna shida," nikanong'ona. "Wanaturudisha Nairobi."

Alicheka hadi abiria wa mbele akageuka. "Kijana, angalia dirishani. Hilo ni ziwa."

Kesho yake mtoto alibatizwa, akalia vizuri tu. Yule mama mgeni wa uwanjani naye alikuwepo, maana walikuwa wameshamwalika na wakaona aibu kumwambia asije. Aliketi na shangazi wakati wa chakula, wakala samaki wakicheka kama watu waliokua pamoja. Nilipowasogelea nijitambulishe, shangazi alinikabidhi jagi akanituma maji.