Tulivyofungua sampo ya gearbox ya Noah uani kwetu Nachingwea, mume wangu akielekeza kutoka kwenye kiti

Wakuu, poleni na majukumu.

Jukwaa hili la magari huwa nasoma tu na kupita. Leo nina la kwangu. Nasimulia kama lilivyotokea, na pale nilipoboronga nitasema niliboronga.

Mimi ni mwanamke, mpishi wa shughuli, naishi Nachingwea. Harusi, misiba, unyago, mimi na masufuria yangu tupo. Usafiri wetu ni Noah ya zamani, automatic, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Bila hiyo gari sina kazi, maana hakuna bodaboda ya kubeba sufuria la kupikia pilau ya watu wote wale.

Aliyekuwa akiitunza ni mume wangu, Baba Salma. Ni dereva tangu ujana, amebeba ufuta na korosho za Chiola na Kilimarondo mpaka barabara zote anazijua kwa mashimo yake. Gari zake alikuwa anazifungua mwenyewe.

Mwaka jana akapata kiharusi.

Mkono wa kulia ukalala, mguu anauburuza, maneno yanatoka moja moja na kwa shida. Akili iko vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba watu wakiona mtu haongei sawasawa, wanaanza kumzungumzia kana kwamba hayupo. Na mimi nilikuwa nimeshaanza hivyo hivyo bila kujua.

Sasa gari. Nikiweka D inakaa kwanza, halafu inaruka na kishindo. Reverse ndiyo usiseme. Ikipata moto, kwenye mlima injini inanguruma lakini gari haiendi. Siku moja natoka kupika Ruponda ikanigomea katikati ya mlima, nikashusha masufuria barabarani ndipo ikapanda.

Nikampelekea fundi mmoja wa hapa mjini. Akazunguka nayo kidogo, akarudi anatikisa kichwa.

"Mama, gearbox imekufa hii. Agiza nyingine Dar, used."

Wakati huo nilishakubali kupika harusi Ruangwa, na uwezo wa kuagiza gearbox haukuwepo.

Jioni akaja shemeji yangu Hamisi, mdogo wake mume wangu. Tukakaa uani, Baba Salma kwenye kiti chake.

"Shemeji, uza," Hamisi akasema. "Kuna mtu anatafuta gari ya kukata spea. Bro mwenyewe ndiyo hivyo, haendeshi tena."

Anasema hivyo na kaka yake yuko pale pale.

Baba Salma akasema, "Mafuta."

Nikamwambia mafuta yapo, nimeweka juzi. Akasema tena, "Mafuta." Hamisi akadhani anataka ya kujipaka mguu, akaingia ndani kuyachukua. Wakuu, msicheke. Alipotoka na kichupa, mzee alikuwa ameshasimama mwenyewe, anajiburuza na mkongojo kwenda kwenye gari. Akafungua mlango, akagonga kiti kwa mkono wa kushoto mpaka nikakiinua. Akanionyesha dipstick ya gearbox, kile kijiti cha kupimia oil.

Nikawasha injini, nikachomoa dipstick. ATF, ile oil ya gearbox, inatakiwa iwe nyekundu na inayopitisha mwanga. Yetu ilikuwa nyeusi kama chai ya kuungua, na ilikuwa imegusa ncha tu.

"Nusa," akaniambia.

Nikanusa. Harufu ya kitu kilichounguzwa. Nikamuuliza ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Akafikiria, akainua bega moja. Hata yeye hakumbuki.

Hapo nikaamua. Nikampigia binamu yangu Dar, akanunua filter, gasketi ya sampo, lile bakuli la oil chini ya gearbox, na ATF ya aina iliyoandikwa kwenye dipstick, vikaja na basi. Kwa mnaotaka kufuata njia hii: someni gari yenu inataka aina gani, msiweke ya jirani.

Kazi tuliifanya asubuhi. Nikapandisha magurudumu ya mbele juu ya mbao nene, handbrake juu, mawe nyuma ya magurudumu. Nasisitiza, usilale chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Baba Salma hakunikubalia kuingia chini mpaka alipoisukuma gari kwa bega lake zima na kuona haitikisiki.

Yeye akakaa kwenye kiti pembeni, mimi nikalala juu ya gunia.

Nikaona bolti, nikaweka spana. Naanza kuvuta tu, nikasikia mkongojo unagonga tairi, pa pa pa.

"Siyo! Siyo hiyo!"

Nilikuwa nataka kumwaga oil ya injini. Sampo zote mbili ziko huko chini, na kwa mtu anayeangalia kwa mara ya kwanza zinafanana. Akanigombeza kwa Kimwera, na kwa Kimwera maneno yalimtoka vizuri kuliko kwa Kiswahili. Nilibaki kule chini nikimsikiliza akinigombeza. Tangu augue hakuwa amenigombeza hata mara moja, alikuwa ananishukuru tu, kila kitu asante. Niliimisi ile sauti.

Bolti ya kweli ikatoka, oil ikashuka. Niliikinga kwenye dumu la mafuta ya kupikia lenye alama, nijue imetoka kiasi gani. Kisha bolti za kuzunguka sampo, nikaacha za upande mmoja mwishoni ili ishuke taratibu. Pamoja na hayo nusu kikombe ilinimwagikia shingoni.

Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo za kunasa chuma. Nikamletea Baba Salma sampo mapajani. Hapo ndipo palikuwa na hukumu yenyewe, maana ukikuta vipande vya chuma, gearbox imejitafuna yenyewe, agiza nyingine. Akachota lile tope la sumaku, akalisugua kwa vidole vya kushoto, muda mrefu.

"Laini," akasema. "Tope tu."

Filter ya zamani ilikuwa imeziba, naipuliza haipitishi.

Tukiwa katikati, sampo iko mapajani kwa mzee na oil imetapakaa uani, geti likafunguliwa. Hamisi, na yule mnunuzi wake.

"Shemeji, mmefanya nini?" Hamisi akashangaa. Yule mnunuzi akachungulia chini, akasema iwe imefungwa au imefunguliwa yeye anachukua.

Kusema ukweli niliogopa. Kama gari isingetembea, mnunuzi mwingine nisingempata. Mimi, Hamisi na mnunuzi tulikuwa tunatazamana, tunaamua.

Baba Salma akasema, "Haiuzwi."

Hamisi akaanza, "Bro, wewe hujui hali ya..."

"Hamisi. Yangu. Haiuzwi." Akanigeukia mimi. "Gasketi."

Mnunuzi akaondoka. Hamisi akavua shati, akauliza aoshe nini. Akapewa sampo na petroli.

Kufunga: filter mpya kwanza, kisha sampo na gasketi yake, na bolti unakaza kwa kupishana, kidogo kidogo, usitumie nguvu za hasira. Nilikaza moja kwa hasira, ikavuja, nikairegeza na kuzipanga zote upya. ATF unaimiminia kwenye tundu la dipstick, tundu jembamba. Nikatumia faneli yangu ya jikoni na mpira mwembamba. Unaweka kiasi kile kile kilichotoka, unawasha, mguu kwenye breki, unapitisha gia zote taratibu, halafu unapima injini ikiwa inaunguruma na gearbox imepata joto. Yetu ilikuwa imepungua tangu mwanzo, kwa hiyo tukaongeza kidogo kidogo mpaka alama.

Nikaweka D. Ikaingia. Reverse ikaingia, kwa kuchelewa kidogo, lakini bila kishindo.

Jumamosi tukaenda Ruangwa na masufuria yote, Baba Salma kiti cha mbele. Kwenye mlima aliweka mkono wa kushoto kwenye lever ya gia, akafumba macho. Tulipofika juu akaniambia, "Punguza mguu." Hilo tu.

Hali halisi: gearbox haijawa mpya. Asubuhi ikiwa baridi reverse bado inachelewa. Lakini ni miezi sasa na inapanda milima.

Nilichojifunza ni kupima ATF kabla ya kukubali kwamba gearbox imekufa, na kumuuliza mgonjwa wenu kitu anachokijua, halafu msubiri amalize kujibu, hata kama inachukua muda.

Sasa tuna ubishi humu ndani. Mimi nataka tumwage tena na kubadilisha ATF yote iliyobaki kwenye converter, ile sehemu kati ya injini na gearbox ambayo oil yake haitoki ukifungua sampo. Baba Salma anasema kwa gari ya umri huu unaigusa nusu tu, ukisafisha sana unaiua.

Wenye uzoefu karibuni. Nitamsomea kila comment, na majibu yatakuwa yake, mimi nitachapa tu. Muwe na subira, anajibu polepole.