Nilimaliza mega za mama mwenye nyumba

Admin, jina langu lifiche, aibu niliyo nayo inanitosha. Nina miaka 27, ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilitoka mkoa mwingine nikapangwa katika kijiji kimoja karibu na Alimbongo. Kijijini réseau ya simu hakuna, mpaka upande kilima nusu saa nzima.

Mama mwenye nyumba ninapopanga ni mjane, na magoti yake hayawezi kilima. Alikosana na binti yake aliyeolewa na mwanajeshi bila baraka, wakakaa miaka miwili bila kusemezana. Mwaka huu mama akalainika. Kila Jumapili baada ya misa alinipa simu yake yenye forfait, yaani mega za intaneti za siku moja, niangalie kama binti ametuma ujumbe wa sauti, niufungue, nimletee ausikilize.

Jumapili moja nikakuta ujumbe upo. Kabla ya kuufungua, nikavuta mega zake kwenye simu yangu, kidogo tu, nimwone mchumba wangu kwa video. Ninyi wa mjini, wa Kimemi, mnaokula mega kitandani, nichekeni tu. Tuliongea mpaka mega zikaisha, picha ikaganda, na ujumbe wa mama ukakataa kufunguka. Nikashuka nikamwambia hakuna kitu. Nilijipa moyo kwamba ni salamu tu, na salamu haziozi.

Wiki iliyofuata ulifunguka, pamoja na mwingine mpya. Katika ule wa kwanza binti alisema mume amehamishwa mbali, Jumatano watapita Alimbongo wakienda kupanda ndege Rughenda, mama ashuke barabarani amwone mjukuu. Jumatano ilikuwa imeshapita. Wa pili ulikuwa mfupi: “Mama, tulikungoya mupaka chauffeur wa gari akakataa kungoya. Donc ungali unanikasirikia. Basi, sitakusumbua tena.”

Nilifuta zote mbili, kwa kidole hiki ninachoandikia, nikashuka nikamwambia mama tena hakuna kitu.

Jumapili iliyopita mama hakununua forfait. Aliniambia taratibu, “Mwalimu, usipande tena. Mutoto hapana kunitaka.” Kisha akaniwekea viazi mlangoni, eti pole kwa kunichosha na kilima. Vile viazi bado vipo. Nashindwa kuvipika.

Namba ya binti ninayo, na bado inaita. Nimepanda mara tatu, nikisikia “allo” nakata. Nishaurini ndugu zangu: nianze kumwambia binti, au mama anayenipikia chai kila asubuhi? Na nikishasema, nitamtazamaje mama usoni?