Hicho Bado Kipya

Kaka yangu mkubwa ametunza stoo ya shule kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote sijamwona mtu akitoka mle ndani anatabasamu. Ukienda kuomba balbu, atakuuliza ile ya zamani imekufa kweli au imezimia tu. Ukienda kuomba fagio, atataka uje na mabaki ya lile la kwanza, kana kwamba mnathibitisha kifo. Akikosa sababu nyingine, hushusha miwani puani, hukitazama kile kitu juu ya rafu kwa huruma, na kusema, "Hicho bado kipya." Wanafunzi wakampa jina, Bado Kipya. Yeye, kwa jinsi alivyo, alilipokea kama sifa.

Mimi ni mshonaji wa sare katika shule hiyohiyo. Chumba changu cha cherehani na stoo yake vimetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Watu husema kuta zina masikio. Za stoo ile zilikuwa na yangu. Kila ombi alilolikataa nimelisikia.

Mdogo wetu wa mwisho ndiye mkata nyasi. Alipokuwa na miaka minne surua ilimharibu jicho la kushoto. Mama, kwa kuwa ukipenda chongo huita kengeza, mpaka anaingia kaburini alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto ana kengeza kidogo. Kengeza gani? Jicho lilikuwa jeupe, halioni jua wala mwezi. Akabaki na la kulia. Kwa hilo moja alisoma, akajifunza baiskeli, akaoa, akalea mabinti wawili, na ndilo aliloingia nalo kazini. Kaka ndiye aliyemwombea kazi hiyo, haki yake siwezi kumnyima. Lakini mtu mwenye jicho moja alimwombea kazi ya mashine inayorusha mawe, kisha akakifungia kabatini kitu pekee cha kulilinda. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa, na siku hizi sijaribu tena.

Kwa wasioijua, mashine yenyewe ni ile ya kufyekea inayovaliwa begani kwa mikanda. Nyuma kuna injini ya petroli, katikati bomba refu, na mbele kichwa kinachozungusha uzi wa nailoni kwa kasi ambayo huwezi kuuona. Majani yakiwa magumu, unatoa uzi na kufunga kisu cha chuma. Haichagui. Kifuniko cha soda, kipande cha waya, kokoto, chochote kilicholala kwenye nyasi inakichota na kukirusha. Ilipoletwa shuleni ilikuja na boksi la pili: kofia ngumu yenye kinga ya uso ya plastiki, vizibo vya masikio, glavu, na kitabu cha maelezo. Mashine ikaenda kwa mdogo wetu. Boksi la pili likaenda stoo, rafu ya juu kabisa ya kabati la kufuli, likiwa bado na nailoni yake.

Sababu ilikuwa wakaguzi. Kila mwaka wakaguzi wa usalama kazini huja na karatasi zao na kuuliza kama vifaa vya kinga vipo. Kaka huviteremsha, huvipangusa, huwaonyesha. Vipo, tena vinang'aa. Miaka mitatu mfululizo shule ilipata alama zote kwa ajili ya kofia ambayo haijawahi kukalia kichwa cha binadamu. Na msidhani ni akili ya kaka peke yake. Mwalimu mkuu alijua, matroni alijua, na wote waliona ni busara: kikivaliwa kitachakaa, kikichakaa mkaguzi ataandika kimechakaa. Hao ndio wanaofundisha watoto wa watu.

Mdogo wetu mwenyewe wanafunzi walimwita Taratibu. Kabla ya kuwasha mashine alilizunguka eneo zima na ndoo mkononi, ameinama, anaokota mawe, vipande vya chupa na ndala zilizokatika. Kama nusu saa hivi. Walimu waliomwona walisema anapoteza muda, wakati wao wenyewe walikuwa wamesimama barazani wanamhesabia hizo dakika kikombe cha chai mkononi. Mtu akimkaribia hatua ishirini, alizima injini akamsubiri apite. Petroli hakuongeza mpaka injini ipoe. Ile ngao ndogo iliyo juu ya uzi, inayozuia mawe yasimrudie mtu miguuni, wenzake wa mtaani huing'oa ili uzi ukate eneo kubwa; yeye hakuigusa. Kila kilichokuwa mikononi mwake alikifanya. Kilichobaki kilikuwa rafu ya juu.

Nilijaribu kumsaidia kwa ujanja wangu. Nilipasua dumu la maji, nikalishona kipande kwenye kofia ya jua, nikamvalisha. Dakika kumi tu likajaa mvuke wa pumzi, akawa haoni hata nyasi zenyewe. Alikivua kile kituko akanishukuru. Ndivyo alivyo, atakushukuru hata ukimziba macho.

Jumapili moja tulipokuwa tunakula kwa kaka, nilichoka kumeza maneno.

"Kaka," nikasema, "hiyo kofia unamtunzia nani?"

"Ni mali ya shule."

"Na huyu hapa ni mali ya nani?"

Wifi yangu akaangalia sahani. Mdogo wetu akanikanyaga mguu chini ya meza. Kaka alitafuna taratibu, akanywa maji, akafuta mdomo.

"Wewe mdogo wangu, una kelele," akasema. "Haya. Wiki moja. Jumatatu achukue, Ijumaa arudishe. Isiwe na mkwaruzo."

Kwa wiki ile moja nilimwona mdogo wangu akifanya kazi kichwa juu. Kabla ya hapo alikuwa akikata huku amegeuza uso pembeni, analificha lile jicho nyuma ya pua yake mwenyewe. Sasa alitazama mbele. Nilisikia kokoto zikigonga ile plastiki, ta, ta, naye hata hastuki. Ijumaa aliiosha kwa sabuni, akaikausha kwa fulana yake, akairudisha. Kaka aliiinua juu dirishani akaigeuza huku na huku, akakuta mikwaruzo minne. Nilimsikia akiihesabu kwa sauti. Alitumia mchana mzima kuisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa tena, akairudisha kwenye nailoni, akafunga kabati. Mikwaruzo minne, na hakuna hata siku moja aliyokaa akajiuliza kila mmoja ungekuwa wapi kama ile plastiki isingekuwepo. Nilimuuliza. Akasema ndiyo maana yeye hataki kuazima watu vitu.

Kwa mdogo wetu hilo lilikuwa limekwisha. Kaka alikuwa amemlea baada ya baba kufa, na kwake neno la kaka lilikuwa neno la mzazi. Nilimwambia agome. Akacheka, akasema, "Dada, ninagomaje mbele ya mtu aliyeninunulia madaftari?"

Wakaguzi walitakiwa kufika Jumatano saa nne asubuhi. Saa mbili na nusu mwalimu mkuu akawa anazunguka mazingira, na nyuma ya bweni jipya akakuta nyasi zimefika kiunoni. Mafundi wa ujenzi walikuwa wameondoka miezi mitatu nyuma wakaacha kokoto zimetapakaa, na nyasi zikaota juu yake. Miezi yote hakuna aliyekwenda kule, ila siku ya wageni ndipo macho yakafumbuka. Akamwita mdogo wetu, akataka pawe peupe kabla ya saa nne. Mdogo wetu akasema pale panahitaji kuokotwa mawe kwanza, na mawe yale ni ya siku nzima. Mwalimu mkuu akasema, "Basi usiokote. Kata."

Mdogo wetu akaja stoo. Mimi nilikuwa nakunja pindo la kitambaa cha meza ya wageni.

"Kaka, kule nyuma kuna kokoto nyingi. Naomba ile kofia."

"Leo?"

"Nitairudisha kabla hawajafika."

"Leo ndiyo siku yake ya kuonekana. Ukiirudisha ina majani, niwaambie nini? Kwamba tunaitumia?"

Nawaapieni alisema hivyo, na hakucheka.

"Kaka, jicho lenyewe ni hili moja."

Nikasikia kaka akivuta droo.

"Chukua hii miwani yangu ya jua," akasema. "Hii ni yangu mwenyewe, sikudai hata saini. Na ukate kwa mbali."

Akakate kwa mbali! Mashine imefungwa mwilini mwake, umbali atautoa wapi? Lakini mdogo wetu akasema asante, nikasikia mlango ukifungwa. Na mimi, mwenye kelele, mimi niliyemfokea kaka mbele ya mke wake, asubuhi ile nilifanya nini? Nilimaliza pindo. Nilijiambia kitambaa kinatakiwa mezani saa tatu, na kwamba maneno nimekwisha kuyasema yote. Ningeweza kusimama, kupita mlango mmoja, kulivunja lile kabati kwa mkasi wangu mkubwa. Nikikaa kumdharau kaka, huwa najiwekea na mimi kiti pembeni yake.

Wakaguzi walikuja mapema, saa tatu na nusu, wawili, wamevaa viatu visivyopenda vumbi. Walianzia stoo. Niliwasikia kupitia ukuta. Kaka alikuwa na sauti ya harusini. Boksi likateremshwa, nailoni ikafunguliwa, na mmoja wao akasema, "Safi sana. Shule nyingine tunakuta vitu vimechoka mpaka aibu." Kaka akasema kutunza ni tabia.

Nje mashine ilikuwa ikinguruma. Kisha ikazima.

Nilijua. Taratibu hakuwa mtu wa kuzima katikati ya kazi kama hakuna mtu aliyemkaribia, na siku ile watu wote walikuwa huku mbele kwa wageni. Nilitoka mbio na sentimeta ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Nilimkuta amekaa chini, miguu ameinyoosha, mashine ameiweka pembeni vizuri kabisa na kuizima kama kitabu kilivyosema, kitabu ambacho hakuwahi kupewa akisome. Mkono wa kulia ulikuwa umefunika uso. Miwani ya jua ya kaka ilikuwa imepasuka, na kipande cha kioo chake kimefuatana na jiwe mpaka jichoni.

"Dada ni wewe?" akaniuliza. "Nimehisi hatua zako."

Tulimpitisha mbele ya stoo tukielekea kwenye gari, maana njia ni ile moja. Mkaguzi mmoja alikuwa bado ameishika kofia mkononi, anaandika. Akainua macho, akatuona, akaangalia karatasi yake, akamalizia kuandika. Kaka alisimama mlangoni na ule ufunguo wake. Sura aliyokuwa nayo sijawahi kuiona tena, wala siitaki.

Hospitali walimfanyia upasuaji siku ileile. Daktari wa macho, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema bandeji itatolewa Alhamisi ya wiki inayofuata, na kabla ya hapo tusimuulize kitu kwa sababu hana jibu. Mke wa mdogo wangu alilala sakafuni pembeni ya kitanda siku zote zile. Mwalimu mkuu alituma salamu za pole na wanafunzi wakatuma kadi, ambayo nani angeisoma?

Kaka alikuja siku ya saba, Jumatano. Hakuweza kukaa. Alisimama mwisho wa kitanda akipapasa chuma chake.

"Kaka," mdogo wetu akasema, kwa sababu alizitambua pumzi zake. "Wakaguzi walisemaje?"

Nilitamani ardhi impasukie mmoja wetu. Mdogo wetu hakuuliza kwa kejeli. Angekuwa na kejeli angeishi vizuri zaidi. Aliuliza kwa kuwa alijua siku ile ilikuwa kubwa kwa kaka yake.

"Walisifu," kaka akasema.

"Basi vizuri. Nilikuwa na wasiwasi, maana kule nyuma sikumaliza."

Kaka alitoka nje. Nilimfuata nikiwa nimeandaa maneno ya miaka ishirini na miwili, nikamkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje analia kwa sauti, bila hata leso. Sikumwonea huruma. Nilimpa leso.

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Nesi alitoa bandeji polepole, tabaka moja baada ya jingine, akasafisha kope kwa pamba, akamwambia mgonjwa afumbue jicho, kisha akaenda kumwita daktari. Tukabaki sisi: mke wake, mimi na kaka. Jicho lilikuwa wazi, limeelekea dirishani kwenye jua lote la asubuhi. Kaka, ambaye maisha yake yote hajawahi kuvumilia kungoja hesabu ya mtu mwingine, alisogea mpaka karibu kabisa na uso wa mdogo wake, akainua vidole vitatu.

"Niambie," akasema. "Hivi ni vingapi?"

Mdogo wetu aligeuza shingo kuifuata ile sauti.

"Kaka," akauliza, "kwani umeinua mkono?"