Harusi Iliyomfunika Mama Yangu

Mama yangu alinitokea kwenye televisheni kwa sekunde kumi na saba. Alitokea mwishoni mwa harusi ya watu.

Nilikuwa nimeshika ufagio. Ukaanguka.

Ngoja nieleze.

Nilikuwa na miaka saba vita vilipotutawanya karibu na kijiji cha Gety. Watu walikimbia, mkono wa mama ukaniponyoka. Familia moja ya Djugu ikanilea, ikanibatiza Clarisse. Lakini jina alilonipa mama ni Mbambu.

Shule niliacha mwaka wa tatu.

Vita vilipotulia, ule utulivu wa kulala na viatu miguuni, nikaja mjini Bunia. Nikapata kazi ya kufagia kwenye stesheni moja ndogo ya televisheni, pale mtaani Mudzipela.

Usifikirie jambo kubwa. Papa Hubert, mpiga picha za harusi, aliianzisha mwaka 2006 kwa kamera moja, jenereta, na mlingoti wa mabomba ya maji. Picha ilifika mjini na kwenye vilima viwili vitatu, basi.

Lakini Ijumaa mji wote ulinyamaza. Ilikuwa siku ya waliopotea. Mtu anasimama mbele ya kitambaa cha bluu, anasema anamtafuta nani, na yeye mwenyewe anapatikana wapi. Hatukuandika popote. Kaseti ndiyo ilikuwa daftari letu.

Na kaseti zilikuwa chache. Harusi mpya ilirekodiwa juu ya kitu cha zamani.

Miaka miwili nilitamani kusimama pale nimtafute mama. Nilishindwa. Mimi nikitazamwa na watu watatu tu, nashika sikio la kushoto na sauti inapotea.

"Weye Clarisse, siku moja utameza ulimi," Madeleine alikuwa akinitania. Yeye ndiye aliyesoma habari.

Kisha mashine ya kurusha picha ikaanza kunuka moshi.

"Hii iko karibu kufa," Papa Hubert akasema. "Ijumaa hii njo ya mwisho."

Sasa au basi. Nikamsogelea.

"Papa, na miye niko na mutu ninatafuta."

Akanitazama. "Miaka miwili uko hapa, na haukusema?"

Akatia kaseti ya kujaribia mashine: harusi ya Yves na Bénédicte. Watu wakacheza. Keki ikakatwa. Bibi harusi akafungua mdomo alishwe.

Picha ikaruka.

Akatokea mwanamke mbele ya kitambaa cha bluu. Kilemba cha njano. Ameshika sikio la kushoto.

"...Mbambu, mutoto wangu, kama uko muzima, mi nitakungojea pale pale nimesema. Hata miaka ipite, sitatoka."

Halafu chenga tupu.

"Rudisha, Papa! Rudisha!"

Sijui ile sauti niliitoa wapi. Akarudisha. Mara tano akarudisha. Kabla ya mama kulikuwa na keki tu. Pale pale ni wapi? Papo hapo ndipo harusi ilipofuta.

"Papa, unamukumbuka?"

"Mutoto wangu, wamepita mbele yangu mamia."

Madeleine akaitoa kaseti, akaigeuza. Ilikuwa na karatasi nyekundu, maneno mawili: À garder.

"Lakini hii ilikuwa ya kutunza! Hizi hatugusi. Nani aliichukua?"

Ni mimi.

Siku ya harusi ile Papa alikuwa mlangoni, pikipiki inanguruma. "Leta kaseti moja, mbio!" Niliyaona maneno yale ya Kifaransa. Sikuyajua. Madeleine alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anakunywa chai. Nikaona haya kuuliza. Nikatoa kaseti.

Ijumaa saa moja jioni nikasimama mbele ya kitambaa. Nikaliachia sikio langu. Nikasema jina langu, jina la mama, mahali ninapolala. Sauti haikukatika hata mara moja.

Madeleine alikuwa anafuta macho wakati Patience, jirani muuza mafuta ya taa, alipoingia.

"Bandugu, kuna nini? Kwetu televisheni iko chenga tu tangu saa kumi na mbili!"

Papa Hubert akaishika mashine. Ilikuwa baridi.

Haijawaka tena. Mlingoti ulishushwa, mabomba yakarudi kuwa mabomba. Nimekwenda Gety mara tatu. Hakuna anayemjua.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kitu hukijui, uliza. Wakucheke, uliza. Mama yangu alikuwa na haya kama mimi, lakini alisimama akasema. Mimi nilishindwa kuuliza maneno mawili.

Na kama huko kwenu kuna mama anaitwa Élise, anashika sikio la kushoto akiongea, na kila akiambiwa ahame anakataa, mwambie Mbambu ni mzima.

Halafu uniandikie hapa chini, pale pale ni wapi.