Mbuzi wa Saa Tisa

Mbuzi hakugonga kengele. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya bibi yangu, mbele ya kanisa zima kule kijijini kwetu Butihinda, na hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwa ameniuliza. Aliyegonga ni mimi. Mbuzi alikuwa akila majani yake karibu na mti, hana habari.

Kilichonifungua mdomo ni uji. Ramadhani iliyopita, jirani yangu hapa Gitega, mwanamke wa Kiislamu anayeshona nguo barazani kwake, aliniita nifuturu naye. Tulikaa mkekani na watoto wake, mabakuli yanafuka moshi, tunasubiri adhana. Mimi, niliyekuwa nimekula mchana bila shida yoyote, mkono wangu ukaitangulia adhana.

"We mama," jirani akasema, "haujafunga, na bado unatuibia saa?"

Watoto wakacheka. Mimi nilibaki nimeshika kijiko. Nilikuwa nimesharudi Butihinda.

Twende pamoja basi. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Tanzania, bibi na mimi na sufuria zetu. Kanisa lilikuwa kuta za udongo na paa la maturubai tuliyovuka nayo mpaka; upepo ukivuma, paa liliishinda kwaya. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na aliyeigonga, kwa kipande cha nondo, ni mwalimu wa kanisa peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi. Kioo chake kilikuwa na ukungu, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea. Mwalimu aliinua mkono, akakunja uso, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya serikali, kisha akatoka kwenda kugonga. Sisi watoto tuliiogopa ile saa kuliko tulivyomwogopa yeye.

Taabu yetu ilikuwa shamba. Tulipokuwa ukimbizini, shamba la babu lililimwa na mtu mwingine, akajenga humo, akazaa humo. Wazee wa kilima, tunaowaita bashingantahe, walisema watakata neno Jumamosi. Bibi akaliomba kanisa lifunge naye siku tatu, kila siku hadi saa tisa alasiri. Kanisa likakubali. Tatizo dogo ni kwamba yule mtu wa shamba naye alikuwa muumini wetu, na naye akafunga. Bibi alikaa benchi la kwanza, yeye la pili. Mungu aliombwa shamba moja na watu wawili, wote wanalia, wote na matumbo matupu.

Watoto hawakulazimishwa kufunga. Mimi nilijitolea, kwa sauti, ili nisikike. Zawadi yangu ilikuwa kuwekwa nje nilinde vyungu vya chakula cha kufungulia. Siku ya kwanza nilikuwa mtakatifu. Ya pili kichwa kiliniuma. Ya tatu, Ijumaa, maharage yalichemka na ndizi na mawese, mvuke ukanijaa puani, na kule ndani maombi yalikuwa yameshuka hadi yakabaki mvumo tu, kama wa nyuki mzingani. Sikuiba hata harage moja. Hilo naomba liandikwe. Niliinuka tu, nikaokota nondo, nikagonga. Mara tatu.

Nikaitupa nondo, nikakimbilia vyungu vyangu. Watu wakatoka, macho yamefinywa na jua.

"Nani amegonga?"

"Mbuzi," nikasema. "Amepiga kwa pembe."

"Basi huyu anampita mchungaji," mzee mmoja akasema, "maana yeye angalau anajua kumaliza." Wakacheka kwa nguvu kidogo waliyobakiwa nayo, na kwa kuwa kuna mtu alikuwa ameshafunua chungu, wakala. Mwalimu alitoka wa mwisho. Aliitazama saa yake, akanitazama mimi, akachukua sahani. Bibi alikula, akajinyoosha pale pale kwenye mkeka, akalala. Tangu tuvuke mpaka sikuwa nimemwona akilala mchana.

Jumamosi wazee wakaligawa shamba: nusu kwetu, nusu kwa yule mtu. Bibi akapiga vigelegele. Yule mtu akapiga magoti. Mimi peke yangu nilijua hesabu yake. Tumefunga pungufu, tumepewa pungufu. Kila nilipopalilia hadi mpaka wa shamba na kuiona mihogo yake ng'ambo, nilisikia rimu.

Nililibeba jambo hilo hadi sekondari Muyinga mjini, na hadi chuo kikuu hapa Gitega. Kuna miaka niliyofunga hadi jua lizame, sili, sicheki, nawachosha hata tuliolala nao chumba kimoja, nikidhani nitaziba lile pengo. Ikafuata miaka ya kuacha kabisa. Nilisoma vitabu vinene, nikajiita mtu wa kutafakari. Kwa kweli nilikuwa nimechoka tu. Kisha nikarudi, nikakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Na katika miaka hiyo yote ile nusu ya shamba ilitulisha na kunisomesha. Bibi alipofariki, yule mtu wa shamba alishika jeneza upande wa mbele, analia kama mwana. Niliyaona haya, nikashukuru, na bado nilijiuliza ingekuwaje kama ningevumilia.

Leo lile kanisa lina bati na vipaza sauti. Mkaratusi ulikatwa, rimu sijui iliishia wapi. Maharage ya mawese napika, lakini hayanuki vile. Labda yanahitaji siku tatu za njaa.

Yote hayo nilimsimulia jirani huku uji wangu ukipoa. Alinisikiliza bila kuacha kutafuna.

"Bon. Huyo mwalimu iko muzima?"

"Yuko. Mzee sana."

"Na telefone yako iko na unité?"

"Salio lipo."

"Sasa we unangoja mbuzi apige?"

Nikapiga. Sauti ya mwalimu imekuwa nyembamba. Nikaungama kama mtoto: nondo, mbuzi, nusu ya shamba. Nikasikia kuku upande wake.

"Mwanangu," akasema, "nilikuona kupitia ufa wa ukuta. Nilikuwa nimeshasimama nije kugonga mwenyewe. Bibi yako alikuwa ameanza kuyumba."

"Lakini mwalimu, saa tisa ilikuwa haijafika."

"Nani alikuambia?"

"Saa yako! Si uliitazama?"

Akacheka hadi akakohoa.

"Ile ilikufa kambini, mwanangu, kabla hata hatujavuka. Mimi nilikuwa nawatazama watu. Wakichoka, basi imefika saa tisa."