Mbuzi Waliosimamisha Lori

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mjomba wangu, dereva wa lori, tangu anyang'anywe leseni, ni mguu wake wa kulia. Akiketi kochini, unakanyaga breki isiyokuwepo.

"Baba watoto, utatoboa sakafu," mkewe humtania.

"Heri sakafu kuliko watu."

Alikuwa ameendesha kutwa kucha bila kupumzika. Kulipopambazuka, akasimamisha lori ghafla katikati ya barabara. Gari dogo lililomfuata lilimkwepa, likaponea chupuchupu. Askari wa trafiki akaja mbio.

"Mzee, unangoja nini hapa?"

"Mbuzi wapite, afande."

Barabara ilikuwa tupu. Askari akachukua leseni na kumfungulia mashtaka.

Leo nimemsindikiza mahakamani kusikiliza hukumu. Huenda akatozwa faini, au akafungiwa leseni kabisa, naye hajui kazi nyingine. Anakaa, anainuka, anachungulia mlangoni.

"Tulia basi, mjomba."

"Nitulie vipi? Mbuzi wale niliwaona, mwanangu, hata pembe zao. Nikirudishiwa leseni, nitalala kwanza. Haki ya Mungu, nitalala."

Mlango umefunguliwa. Karani ameanza kuita majina, na la mjomba bado.